Safari za Matumbawe Kutoka Mfaranyaki

Siku niliyokabidhi funguo za ofisi, binti aliyechukua meza yangu alifungua stoo, akakuta boksi lenye miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia. Akaniuliza vitu hivyo vinafanya nini Songea, mji ambao ukitaka bahari, enzi zile, ulisafiri siku mbili na gari likiwa na nia njema. Nilimwambia ni habari ndefu, nitaiandika. Wenzake nao wakasema wanaitaka. Basi someni, ingawa nawaonya mapema kwamba haina raha nyingi.

Sikusomea kazi ya utalii. Nilikuwa nakata tiketi katika shirika la usafirishaji la umma, na shirika likafungwa. Miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipoanza, ndivyo ilivyokuwa: asubuhi unasikia kiwanda kimefungwa, jioni unasikia duka jipya limefunguliwa, na watu wa kiwandani wanaonekana mlangoni pa duka wakiuliza kama kuna kazi. Bwana Deo, aliyekuwa mkuu wetu wa zamu pale shirikani, alikodi chumba kimoja mtaa wa Mfaranyaki, kati ya mashine ya kusaga na muuza mitumba, akanunua Landrover iliyokuwa imeshachoka kwa wenyewe, akaniita kazini, akaandika ukutani kwa rangi ya bluu: Safari za Ndani na Nje. Nje hatukuwahi kwenda.

Wateja wetu wa kwanza wa baharini walikuwa mume na mke, wageni waliokuwa wakijitolea kwenye hospitali ya misheni kule Mbesa. Walitaka kwenda kuona matumbawe kusini ya Mtwara. Bwana Deo alikubali papo hapo, akawasindikiza hadi nje kwa heshima zote, kisha akarudi akafunga mlango.

"Ima, matumbawe ni nini?"

"Si yale mawe ya baharini?"

Akafikiri kidogo. "Basi tunakwenda kuangalia mawe. Kazi ni kazi."

Mimi ni mtu wa milimani. Maji niliyoyajua ni ya mto Ruhila, tena ya kufulia. Nilipotangulia peke yangu hadi kijiji kimoja cha pwani ya huko, kuandaa safari, nimejaa vumbi la Tunduru hadi kwenye kope, viongozi wa kijiji walinisikiliza, wakatazamana, wakanipeleka kwa Bi Zuhura. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mkavu, kiongozi wa wanawake wanaochokoa pweza kwenye mwamba maji yanapokupwa. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama tunakuja kuvua.

"Hapana, Bi Zuhura."

"Kuokota makombe?"

"Hapana. Wageni wanataka kuangalia tu."

"Kuangalia tu?" Alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza alijifuta macho kwa upande wa kanga. "Haya, mwanangu, karibuni muangalie. Lakini hata kuangalia kuna adabu yake."

Adabu hiyo ndiyo niliyoifanyia kazi miaka yote. Alinifundisha yeye kwa kunishika mkono na kuniingiza majini. Alinionyesha mfereji wa mchanga ambamo boti hupita na nanga hushuka bila kuvunja kitu. Alinionyesha pa kukanyaga, mchanga mtupu, na pa kutokukanyaga, yaani kwingine kote. Nilipotaka kushika kitu kilichofanana na ua, alinipiga kikofi mkononi kama mtoto anayedokoa nyama. "Hilo lina uhai. Ukilishika leo, kesho lina kidonda."

Kisha akanivisha miwani na mrija wa kijana mmoja mzamiaji wa pale, akaniambia niinamishe uso. Niliinamisha, nikapiga kelele ndani ya mrija, nikanywa maji ya chumvi, nikainamisha tena. Nimejaribu mara nyingi kueleza nilichokiona na sijawahi kuridhika. Kulikuwa na vichaka vya rangi ya zambarau na kahawia, na meza kubwa za mawe ambazo hazikuwa mawe, na samaki wa njano wakienda pamoja wote, wakigeuka pamoja wote. Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni sauti. Kule chini kunalia. Ni mlio mdogo, mkavu, usiokoma, kama mafuta ya kitumbua yanapochemka kwenye kikaango cha chumba cha pili. Nilipoinua kichwa, Bi Zuhura alikuwa ananitazama.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwamba mzima ndivyo unavyoongea," akasema.

Nilirudi Songea nikamwambia Bwana Deo kwamba si mawe. Kuanzia hapo safari za matumbawe zikawa zangu.

Kupanga safari ya baharini ukiwa Mfaranyaki kuna vituko vyake. Jambo la kwanza nililojifunza ni kutazama mwezi. Maji ya bamvua, wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hukupwa sana na hujaa sana, na mkondo wake una nguvu. Hayo tuliwaachia wachokoa pweza. Sisi tulitaka maji mafu, yasiyo na mkondo mkali, tena yakiwa yamejaa, ili tumbo la mgeni lipite juu ya matumbawe bila kuyakwaruza. Bwana Deo alizoea kuniona nimesimama nje ya ofisi jioni nikitazama juu, akawa anawaambia watu kwamba meneja wake anasali.

Jambo la pili lilikuwa pipa. Wateja wengi walikuwa walimu, manesi na watumishi wa ofisi za mkoa, watu ambao hawajawahi kuweka uso ndani ya maji kwa hiari yao. Nilikata pipa la mafuta katikati, nikalisugua kwa mchanga na sabuni, nikalijaza maji, nikaliweka uani. Kila aliyetaka kwenda alipiga magoti, akavaa miwani, akaweka mrija mdomoni, akazamisha uso na kupumua hadi nimguse bega. Waliokuja kusaga mahindi jirani walikuwa wanaacha foleni ili kutazama. Mama mmoja aliuliza hawa ni dini gani. Lakini pipa lilinisaidia kuliko maneno. Aliyeshtuka kwenye pipa angeshtuka baharini, na mtu akishtuka baharini husimama, na akisimama amevunja kitu ambacho babu yake alikikuta.

Miwani ilitoka Dar es Salaam kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika. Kanda zake zilikuwa zimeoza, tukaweka mpira wa ndani wa baiskeli. Kioo kikipata ukungu, tema mate, sugua, suuza. Nilikataza glavu, kwa sababu mwenye glavu hushika kila kitu. Nilikataza mafuta ya kujipaka, maana hudhuru matumbawe, nikawaambia wavae mashati ya mikono mirefu kutoka kwa jirani yetu wa mitumba. Nilikataza kuokota hata kombe tupu. Kundi likizidi watu sita niliwagawa. Wapo walionuna, lakini walionuna ndio waliorudi wakinishukuru.

Katika wote niliowapeleka, mmoja nitamtaja kwa jina lake la ubatizo tu. Mwalimu Klemensi alifundisha Bailojia katika sekondari moja pale mjini. Alikuja ofisini akiwa na vumbi la chaki kwenye mikono ya koti, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuungama.

"Dada, ni kweli mnapeleka watu kwenye matumbawe?"

"Kweli, Mwalimu."

"Nimeyafundisha tangu nianze kazi. Nayachora ubaoni kwa chaki za rangi, mdomo wake, mikono yake, chumba chake cha chokaa. Bahari yenyewe sijaiona." Akacheka kidogo. "Nimekuwa kama padri. Yeye naye anahubiri habari za mbinguni bila kufika."

Kwenye pipa alikaa muda mrefu hadi nikamtikisa bega kwa hofu. Aliinua uso unaotiririka maji akasema, "Nilikuwa nazoea."

Safari yake ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuongoza. Maji yalikuwa safi, Bi Zuhura alikuwa na furaha, hata Landrover haikuharibika, jambo ambalo dereva alilitaja kila tuliposimama. Mwalimu alielea juu ya mwamba mikono ameifumbata kifuani kama nilivyowafundisha, hakugusa kitu, hakupiga teke hovyo. Baadaye, tukila wali ufukweni, aliniambia, "Wanafunzi wangu nimewafundisha nusu. Sikuwaambia kwamba kuna sauti."

"Kitabuni haipo?"

"Haipo. Nitaiongeza."

Aliiongeza kweli. Wanafunzi wake wa wakati ule walinisimulia baadaye kwamba Mwalimu alikuwa anawanyamazisha darasa zima, kisha anakunja karatasi kavu taratibu karibu na masikio yao, mmoja baada ya mwingine.

Sijui niseme mabaya yalianza lini. Mimi niliyaona kwanza sokoni kule pwani. Bi Zuhura alinipa samaki nimshike. Alikuwa laini mno, kama amepikwa, na nilipombonyeza mgongoni mfupa ulikuwa umekatika ndani.

"Huyu hakuvuliwa," alisema. "Amelipuliwa."

Malori yenye barafu yalikuwa yameanza kufika pwani ile kutoka mbali, yakitaka samaki wengi, na upesi. Baruti nayo ilikuwa inapatikana. Watu walisema inatoka kwenye machimbo na kwenye ujenzi wa barabara, ila hakuna aliyesema inapitia kwa nani. Chupa, utambi, kiberiti, na kazi ambayo wavu huifanya mchana kutwa inakwisha kabla hujameza mate. Tulikwenda mimi na Bi Zuhura kwenye ofisi husika. Walitupokea vizuri, wakatupa soda. Walitueleza kwamba wao wenyewe wanasikitika sana na kwamba hawana boti. Tulimaliza soda tukatoka.

Nikabadilisha mipango. Kila asubuhi kabla ya kuingia majini, Bi Zuhura aliuliza kijiji kizima kama kuna boti ngeni. Mtu mmoja alibaki botini kazi yake ikiwa kutazama upeo tu, haruhusiwi hata kuongea. Wanakijiji walikuwa wameahidi kutolipua upande tuliokuwa tunazamia, na nataka ijulikane kwamba waliitunza ahadi yao.

Mwalimu Klemensi alirudi mara ya pili akiwa na walimu wenzake. Tuliuliza asubuhi, hakukuwa na boti ngeni. Maji yalikuwa mafu, yamejaa, hayana hata kiwimbi. Mimi nilikuwa botini nikitazama upeo kwa zamu yangu. Boti ilitokea nyuma ya kisiwa kidogo, ikija upesi, na watu wawili wamesimama. Nilipiga filimbi. Bi Zuhura, aliyekuwa majini, akaanza kuwasukuma walimu kuelekea kwetu. Karibu wote walikuwa wameshashika ukingo wa boti. Mwalimu alikuwa mbali zaidi, kwenye mteremko wa mwamba, uso chini, masikio ndani ya maji, akisikiliza.

Sikusikia mlipuko kwa masikio. Niliusikia kwa miguu. Sakafu ya boti ilinipiga kwenye nyayo kama vile kuna mtu chini yake mwenye nyundo. Maji yaliinuka, yakashuka. Kisha samaki wakaanza kuja juu, matumbo meupe, wengine bado wakitikisa mikia.

Bi Zuhura ndiye aliyemfikia. Tulimvuta ndani akiwa na damu masikioni na puani. Walimu walikuwa wanalia na kupiga kelele, mimi nilikuwa naita jina lake kwa nguvu zangu zote, Bi Zuhura anaomba Mungu kwa sauti, dereva wa boti anawatukana wale watu ambao tayari walikuwa wanaokota samaki wao kama watu wanaookota maembe. Mwalimu alifungua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza.

Mmoja wa wale waliolipua alituinulia mkono kutoka botini kwake. Alikuwa anatuomba tusogee.

Tuliondoka siku hiyohiyo. Kutoka pwani hadi Masasi hadi Tunduru, Mwalimu alikaa kiti cha mbele, kichwa kimefungwa kitenge, akitazama barabara. Tulichepuka hadi Mbesa, na daktari pale alimwangalia kwa upole na kwa muda mrefu. Ngoma za masikio zinaweza kupona, alituambia, lakini kilichoharibika ndani zaidi hakiponi. Alituambia sisi. Mwalimu alikuwa amekaa palepale katikati yetu, anatabasamu kwa adabu, anasubiri mtu amweleze.

Shule ilimvumilia. Walimpa maabara aitunze, akasafisha chupa zilizokuwa safi tayari. Darasani hakuweza, wanafunzi ni wanafunzi, na mwalimu asiyesikia anajua anachofanyiwa akigeukia ubao. Mwishowe yeye na mkewe, Mama Teresia, walihamia shambani kwao Mshangano, nje kidogo ya mji, akawa mkulima wa mahindi. Waliolipua hawakukamatwa. Jina la boti yao kila mtu alilijua.

Mtaniuliza kwa nini niliendelea. Bwana Deo alisema wateja bado wanataka bahari, na ilikuwa kweli. Mimi nilikuwa na sababu nyingine: niliamini kwamba tukiacha kwenda, hatabaki mtu wa kutazama. Nilifikiri kutazama kunazuia kitu. Nilikuwa na akili ya kupanga. Niliamini mpango mzuri ukifuatwa, mambo hukaa. Nilipanga vizuri, nyinyi mnanijua. Kila safari nilikuta mwamba umepungua. Palipokuwa na kichaka kulikuwa na shimo la mviringo, na ndani ya shimo vipande, kama vigae vya sahani.

Halafu zikaja mvua za El Nino. Barabara ya Tunduru ilikatika tukakaa miezi bila safari. Tulipofika tena pwani, Bi Zuhura hakuja kutupokea. Nilimkuta kwake anasuka ukili.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Maji yanafaa, huji?"

"Marahaba. Siji, mwanangu." Hakuinua macho. "Bahari ilipata joto. Yale yaliyobaki yakawa meupe kama yamemwagiwa unga, yakafa yamesimama. Pweza hakuna. Nikaangalie nini?"

Nilikuwa na kundi la manesi vijana kutoka Songea, wote walifaulu pipa. Niliwapeleka. Niliinamisha uso nao. Chini kulikuwa na kokoto. Uwanja wa kokoto, wa kijivu, wenye utelezi wa kijani, unaokwenda hadi jicho lilipoishia. Nilishikilia pumzi nisikilize. Hakukuwa na sauti yoyote. Samaki mmoja wa njano alipita, peke yake, akigeuka huku na huku kana kwamba wenzake wapo.

Manesi walitoka majini wakicheka. Mmoja alinikumbatia na maji yote yale.

"Mama Ima, jamani, pazuri! Nimeona samaki wa njano! Umemwona?"

"Nimemwona."

"Sijawahi kuona kitu kama hicho maisha yangu yote. Asante!"

Walikuwa wamefuata kila sheria. Hakuna aliyekanyaga, hakuna aliyegusa. Walizunguka juu ya yale mabaki kwa uangalifu, mikono kifuani, na mmoja wao alimkemea mwenzake kwa kukaribia mno. Ilikuwa safari yangu ya mwisho ya matumbawe. Miaka iliyofuata, hadi nilipostaafu, niliuza tiketi za mabasi na kupeleka wanakwaya kwenye sherehe, kazi nzuri isiyo na lawama, na juu yake sina cha kuwafundisha ambacho hamkijui.

Ila niliporudi kutoka safari ile nilikwenda kwanza Mshangano, maana Mwalimu alikuwa ameniomba nimletee habari. Nilimkuta uani peke yake, anapukuchua mahindi. Mama Teresia alikuwa ameenda kwenye sala za jumuiya. Alifurahi kuniona, akanipa kigoda, akaweka kiganja nyuma ya sikio la kushoto, ambalo lilikuwa bado linaokota maneno kidogo ukipaza sauti.

"Yapoje, dada?"

Habari kama ile mtu huitoa kwa sauti ya chini. Nilijaribu. Alitikisa kichwa, akasogeza kigoda.

"Yamekufa, Mwalimu," nikasema.

"Nini?"

"Yamekufa!"

"Sema kwa nguvu, usiogope."

Nikasimama. "YAMEKUFA! YOTE! YAMEKUFA!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na ilipotoka haikutaka kurudi. Nililia kwa sauti pale uani kama sijawahi kulia, hata siku ya boti. Mwalimu alinitazama mdomo, akaelewa. Aliweka gunzi chini, akafuta mikono kwenye suruali, polepole.

Majirani wakaja. Walitoka mashambani wanakimbia, wanawake wakijifunga kanga kiunoni, mmoja ameshaanza kuomboleza tangu njiani bila kujua anamwombolezea nani. "Nani? Ni Mama Teresia? Jamani, nani amefariki?" Walimuuliza yeye, wakaniuliza mimi, nami nilizidi kulia. Ningewaambia nini? Mwalimu hakusikia maswali. Aliona tu uani kwake pamejaa watu wenye machozi, wamekuja mbio, wameacha kazi zao.

Alisimama wima, akawapa mkono mmoja mmoja.

"Asanteni kwa kuja," akawaambia. "Asanteni sana. Sikutegemea kama mngekuja."

Wakatazamana. Kisha mama mzee kuliko wote akatandika kanga yake chini, akakaa, na wengine wakakaa naye.